Muhuri kwenye Ukurasa wa Kumi na Saba

Kaneza alifika Gungu saa tatu asubuhi, begi moja mgongoni na jingine kichwani. Boti ya Kagunga, mpakani na Burundi, ingeondoka Kibirizi saa sita. Alimsalimia Mzee Elikana shikamoo, na kabla hata ya kukaa akasema, "Mzee, nimekuja kuchukua daftari la baba."

Mzee Elikana alijua siku hiyo ingefika. Wiki mbili nzima, tangu asikie kwamba Kaneza anarudi kwao Burundi, alikuwa ameomba ichelewe, akatubu kwa kuomba hivyo, kisha akaomba tena.

Alifanya kazi benki miaka thelathini na moja. Tangu astaafu, pensheni yake ilikuwa inaishia kwenye vitabu. Alivinunua kwa wauza karanga wa Ujiji kabla hawajachana kurasa za kufungia, na kwa wajane waliokuwa wanasafisha nyumba. Vyumba viwili vilijaa. Mkewe, Melania, alizoea kuwaambia wageni kwamba yeye ni mke mdogo, mke mkubwa ni kabati.

Daftari la Kaneza lilikuja miaka miwili iliyopita likiwa limeachana na jalada. Baba yake, Ndayiragije, alikuwa katekista huko Burundi. Aliandika humo majina ya aliowafundisha dini na, kabla ya kukimbia vita, mipaka ya shamba lake. Alifia kambini. Kaneza alimwomba Mzee Elikana alishone, maana alikuwa anashona vitabu kwa uzi wa nyavu na vilikuwa havifumuki tena.

Alilishona vizuri. Kisha akafanya alichokifanya kwa kila kitabu kilichoingia nyumbani kwake: akachukua muhuri na kugonga ukurasa wa kwanza, wa kumi na saba na wa mwisho. Benki karatasi isiyo na muhuri haikuwa kitu. MALI YA E. BIHAGA, GUNGU, KIGOMA. Wino ulikuwa mwingi. Asubuhi yake ndipo alipoona kwamba ukurasa wa kumi na saba ndio ule wa mipaka.

"Mpe mtoto kitu chake, Baba Bariki," Melania alisema kutoka jikoni. "Boti haisubiri toba."

Akalileta. Kaneza alifungua, akafunua taratibu, akasimama. Alisoma kwa sauti: "Kutoka kijitoni kupanda, hatua arobaini na…" Akasogeza daftari dirishani. "Arobaini na ngapi, Mzee?"

"Ni wino wangu," alisema Elikana. "Nimejaribu kwa lenzi. Hapaonekani."

"Hatua arobaini na ngapi, ndipo baba alipozika jiwe la kusagia la bibi. Hiyo ndiyo pembe ya shamba. Baba mdogo Nyabenda amelilima shamba lile miaka yote, na anasema ni lake. Kesho saa nne nasimama mbele ya wazee, na kitabu chenyewe kinasema ni mali yako?"

"Nitaandika barua. Nitaisaini, nitaeleza."

"Barua haina mdomo, Mzee."

Melania alikuwa amekwisha ingia chumbani. Alitoka na sweta, hati ya kusafiria na mfuko wa mihogo ya kuchemsha, akaviweka mezani mbele ya mumewe. Elikana alitazama rafu zake, akatazama sweta, akalivaa.

Katika boti walikaa kati ya magunia ya unga na mama mmoja mwenye kuku. Upande wa kulia milima ilikuwa inapita polepole. Walipopita kijiji cha tatu Kaneza akauliza, bila kumtazama, "Ulilisoma mara ngapi kabla ya kuligonga?"

"Labda mara kumi."

"Mtu wa benki. Mara kumi. Na namba huikumbuki?"

"Siku nyingine naona mbili. Siku nyingine naona saba. Kabla sijawa na hofu nadhani nilikuwa naijua."

"Basi kesho sema saba." Sasa alimgeukia. "Sema saba kama mtu mwenye hakika. Wazee wakiona unayumba, Nyabenda atatutafuna. Umeniharibia, Mzee. Hilo tu nakuomba."

Elikana aligeukia maji. Lingekuwa jambo dogo, neno moja, na mtoto wa watu angepata haki yake. Walilala Kagunga kwenye nyumba ya parokia, na alfajiri akapiga magoti kando ya mkeka. Hakuomba namba. Aliomba asiwe na woga, na hakujua kama amesikiwa.

Walivuka mpaka kwa miguu. Saa nne walikuwa kilimani kwa akina Kaneza, mbele ya wazee watatu waliokaa kwenye benchi la shule. Aliyewaongoza alikuwa bibi mmoja mwembamba aitwaye Rozalia. Watu walikuwa wengi. Kirundi chao na Kiha cha Elikana vilielewana bila mkalimani.

Nyabenda alikuwa mzee mwenye koti safi na sauti kubwa. Alipewa daftari, akalinyanyua watu walione.

"Ndugu zangu, kitabu kina mwenyewe! Kimepigwa muhuri. Mali ya Muha wa Kigoma. Kaka yangu alikuwa maskini, lakini sikujua kwamba hata daftari aliazima."

Watu walicheka. Elikana akasimama.

"Muhuri ni wangu," alisema. "Daftari si langu. Mtoto huyu aliniletea nilishone."

"Na kwa nini ukagonga kitu kisicho chako?" aliuliza Rozalia.

Angeweza kusema ni mazoea ya kazi, na ingekuwa kweli nusu.

"Nina vitabu vingi, mama. Vyote vina nakala kwingine. Hiki hakina. Nilikitamani. Mkono ulifanya kile moyo ulichokuwa umekwisha fanya."

Kicheko kilikoma. Rozalia alilichukua daftari, akaweka kidole kwenye duara la zambarau. "Na hapa chini pameandikwa ngapi?"

Kaneza alimtazama Elikana. Hakupepesa macho. Elikana aliona vidole vyake vimeshika ncha ya kitenge.

"Sijui," alisema. "Ni arobaini na mbili, au ni arobaini na saba. Wino wangu umeficha, na sitaki kuapa."

Kaneza akageuza uso.

"Hajui!" Nyabenda alipiga paja. "Amevuka mpaka mzima kuja kutuambia hajui! Sasa mtachimba shamba langu lote kama fuko?"

"Mashimo mawili," alisema Rozalia. "Angekuja kudanganya, angekuja na namba moja. Na hatua hupigi wewe, Nyabenda, wewe una miguu ya bata. Atapiga binti. Nani hapa hamkumbuki Ndayiragije alivyokuwa mrefu? Miguu yake ni ile pale."

Walishuka hadi kijitoni. Kaneza alivua viatu, akaanza kupanda kati ya migomba, na umati ukahesabu pamoja naye. Kwenye arobaini na mbili walichimba mpaka gotini. Udongo mwekundu, mizizi, basi. Nyabenda alikunja mikono.

Kwenye arobaini na saba jembe liliingia bila shida. Gotini, hakuna. Mchimbaji alimtazama Rozalia, Rozalia akamwashiria kwa kichwa aendelee. Mapajani, hakuna. Nyabenda alikuwa ameanza kufunga vifungo vya koti. Elikana alitazama shimo. Kama hakuna kitu hapa, basi yeye, kwa wino wa kichupa kimoja, amemnyang'anya yatima shamba.

"Ongeza kidogo," alisema Kaneza. "Upande wa juu. Miguu yake ilikuwa mirefu kuliko yangu."

Mchimbaji akakata ukingo. Jembe likalia.

Walilitoa kwa mikono, nusu ya jiwe la kusagia, upande mmoja umelika ukawa kama bakuli. Mtu akalimwagia maji ya kijito. Hakuna aliyeshangilia. Wote walikuwa wanamwangalia Nyabenda.

Alisogea, akachutama kwa shida, akapitisha kiganja ndani ya lile bakuli, mara moja, mara mbili.

"Ni la mama," alisema, na sauti kubwa ilikuwa imemtoka. "Mimi ndiye niliyelivunja. Kaka akasema ni yeye, akachapwa yeye." Akabaki pale amechutama.

Rozalia akasema wazee wengine wawili wahesabu tena hatua ili namba iandikwe. Kaneza alilichukua daftari, akalifunga ndani ya kitenge chake, akalibana kwapani. Alipita mbele ya Mzee Elikana bila kusimama, akaenda hatua chache, kisha akageuka.

"Boti ya kurudi ni kesho," alisema. "Njoo ule kwanza."