Mizinga Juu ya Mkwaju

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, tena mjinga aliyevaa kanzu safi.

Kabla watu wa Handeni hawajaniita wakili, nilikwisha kubeba pembe za ndovu mpaka bega likaota sugu, nikalaza mataruma ya reli pale Mnyuzi, nikampikia Mdachi mmoja wa Korogwe aliyenifukuza kwa sababu ya chumvi. Herufi nilijifunza jikoni mwake, kwenye makopo. Tangu hapo mtu mwenye shauri barazani kwa akida alinichukua nimsemee. Lakini raha yangu ilikuwa nyuki. Nilikuwa na mizinga minne niliyoichonga mwenyewe, nami niliitembelea mara nyingi kuliko nilivyowatembelea ndugu zangu.

Yote minne ilining'inia juu ya mkwaju mmoja kule Misima, shambani kwa Mhina, mwenzangu wa safari za mizigo, kwa ruhusa yake. Jirani yake, Mbaruku, alikuwa na miwili juu ya mti huohuo. Mhina alipofariki, Mbaruku akadai kwamba kwa kuwa mizinga yake imekaa juu ya mkwaju miaka kumi, mti ni wake, na ardhi iliyo chini yake. Mjane, Tatu, akanijia.

"Shemeji, niokolee mti. Mti ukienda, na shamba limekwenda."

Barazani nikasimama. "Mwenye mzinga ni mgeni," nikamwambia akida. "Mgeni akilala kwako miaka kumi, nyumba inakuwa yake?"

Watu wakacheka. Akida akasema mti ni wa Tatu. Hapo ilinipasa nikae. Lakini kicheko kile kilikuwa kitamu, nikaongeza: "Na mgeni mwenye tamaa namna hii asirudishiwe mzigo wake. Kila kinachoning'inia juu ya mti huo kiwe cha mama huyu."

"Kila kinachoning'inia," akida akakubali. Karani akaandika.

Mbaruku akainua uso taratibu. "Hongera, wakili. Yangu miwili. Yako mingapi vile?"

Nilijipa moyo kwamba Tatu si mtu wa kunishikia maandishi. Msimu wa asali ulipofika nikaenda Misima na kamba yangu. Nilimkuta chini ya mkwaju, nduguze wameshaishusha mizinga yote sita, yeye anafunika mitungi.

"Shemeji, ile minne ni yangu."

"Naijua."

"Mhina mwenyewe aliniruhusu."

"Nilikuwapo."

"Na mti huu ni mimi niliyekuokolea."

"Nakushukuru kila siku."

"Sasa?"

Akaufunga mtungi wa mwisho kwa jani la mgomba, akakaza kamba.

"Mimi niliomba mti tu, shemeji. Mizinga uliniombea wewe."