Seva Mbili na Salamu za Sista Syokimau

Salamu za Sista Syokimau, muuguzi wa chumba cha sindano, zilikuwa zinanikera. Mgonjwa akiketi, yeye huuliza habari za watoto, mbuzi, mvua, hata jirani aliyeteguka mguu mwaka juzi. Mimi ndiye fundi wa kompyuta katika hospitali yetu ndogo hapa Machakos, na rejista ya wagonjwa niliiunda mwenyewe ili maswali hayo yaishe. Kila kitu kiko kwenye skrini, nilikuwa nikimwambia. Soma, choma sindano, mwite mwingine.

Rejista hiyo hukaa kwenye diski moja, na seva mbili zimeunganishwa nayo. Moja hufanya kazi, ya pili hukaa kimya ikingoja siku mwenzake atakapokufa. Jumatatu moja, seva ya kwanza ilikuwa inajikokota na foleni ilikuwa imefika langoni. Mimi ni mtoto wa mwethya, kazi ya pamoja ya kijiji. Matuta ya shamba letu yalichimbwa na majirani, majembe ishirini kwa asubuhi moja. Nikajisemea kidole kimoja hakivunji chawa, nikaondoa kinga iliyoizuia ile ya pili kugusa diski, nikaiwasha nayo ifanye kazi.

Nilichosahau ni kwamba kwenye mwethya kila mtu huonyeshwa kipande chake. Seva zangu hazikuonyeshwa. Kila moja ilijiona iko peke yake, ikaandika palepale mwenzake alipoandika, na habari za wagonjwa zikaanza kuingiliana bila skrini kulalamika hata kidogo. Foleni ilisonga. Nikaenda hadi chumba cha sindano nikijisifu moyoni.

Ndani alikuwamo Mzee Masila, mkulima wa Kalama, aliyejikata mguu kwa jembe. Skrini ilisema hana mzio wowote, achomwe penisilini. Sindano ilikuwa tayari mkononi mwa Sista, naye bado anauliza habari za mbuzi.

"Sista, soma tu skrini," nikasema. "Watu ni wengi huko nje."

"Ngoja kidogo, Kavata. Mzee hajanijibu."

"Mbuzi wako sawa," Masila akasema. "Ni mama watoto tu ako na wasiwasi. Ati nikirudi nimefura tena kama ile mwaka ya sindano, hatanijua."

"Sindano gani hiyo, baba?"

"Si ile mlinichoma hapa, nikashindwa kupumua, mpaka padri akaitwa."

Sista aliiweka sindano kwenye trei polepole. Akanitazama.

Nilikimbia nikazizima seva zote mbili. Rejista ilikuwa imeharibika, ila kulikuwa na nakala ya siku iliyotangulia, na humo habari za Masila zilisema wazi: asichomwe penisilini. Wagonjwa wote wa asubuhi ile tuliwatafuta kwa simu, mmoja mmoja. Walikuwa salama, na namshukuru Mungu hadi leo. Siku hizi seva ya pili haiwezi kugusa diski kabla ya ile ya kwanza kukatwa kabisa.

Jumamosi nikaenda Kalama. Masila alikuwa ameketi nje ya nyumba, mguu umefungwa bandeji.

"Huyu ndiye mwenye kompyuta," akamwambia mkewe. "Sista aliniambia kompyuta ndiyo ilikataa nichomwe. Asante sana, mwiitu wakwa, binti yangu. Bila wewe saa hii ningekuwa nimezikwa."

Mkewe akanishika mikono yote miwili. Hapo ndipo nilipojua kwamba Syokimau alinisitiri, mimi niliyekuwa nikimcheka. Ningeweza kunyamaza. Sista alikuwa ameshanipa nafasi hiyo.

"Haikukataa, mzee," nikasema. "Ilisema uchomwe. Ni mimi niliiharibu, na ni mimi nilimwambia Sista aharakishe. Zile salamu zake ndizo zilikuokoa."

Mkewe aliniachilia mikono. Nikageuka kuondoka. Nikamsikia Masila akivuta kiti.

"Keti," akasema. "Mama yako hajambo?"

"Hajambo."

"Na shamba? Mvua ilifika kwenu?"

Nilimjibu yote, moja baada ya lingine. Kisha nikamuuliza habari za mbuzi.