Ua la Marehemu Halikauki

"Emérence, angalia mu kikombe yangu."

Emérence akaangalia. Nzi mweusi, mdogo kama punje ya ulezi, alikuwa anaogelea kwenye chai ya Maman Georgette kama mwenye nyumba.

"Samedi bakwe ba Ornella banakuya na doti. Bakikuta hii mainzi mu bière yabo, batasema mutoto wangu anatoka mu nyumba ya buchafu. Ile siku njo utarudia kwenu Luberizi."

Mahari ya Ornella ilikuwa inaletwa Jumamosi, na wiki mbili sasa Emérence, mtumishi wa nyumba hiyo, alikuwa akipigana na wadudu hao. Vikombe vya siki na sabuni viliwanasa waliokomaa, lakini wengine walizaliwa kila siku ndani ya udongo wa chungu cha ua la sebuleni. Ua hilo alilipanda marehemu Papa Ignace, mume wa Maman Georgette, na kulitoa nje ilikuwa mwiko. Emérence amekulia kwenye mashamba ya mpunga. Alijua wadudu wa namna hiyo dawa yao ni ukavu. Hakulimwagilia hata tone. Na bado kila asubuhi akichomeka kidole, udongo ulikuwa chapachapa, hadi akaanza kujishuku mwenyewe. Aliogopa. Akifukuzwa hapa, Sagesse, binti yake, atatoka shuleni.

Jumatano jioni alilaza kipande cha kiazi kibichi juu ya udongo, chambo cha funza. Alhamisi alifika mapema kuliko kawaida, na alikuwa ameinama kwenye chungu pale Maman Georgette aliporudi kutoka Misa ya alfajiri, chupa mkononi. Mama huyo alikwenda moja kwa moja kwenye ua na kufungua kifuniko.

"Maman, usimwange."

Mkono ukasimama hewani. Tangu Papa Ignace afariki, hakuna aliyewahi kumkataza kitu katika nyumba hii.

"Ni maji ya baraka. Kila siku naimwangaka hapa, juu hii mainzi itoke."

 Nani angethubutu kusema baraka inazaa funza? Emérence akakigeuza kile kipande cha kiazi. Chini yake vijidudu vyeupe, vyembamba kama uzi, vilikuwa vinajinyonganyonga.

"Baraka haiko mubaya, maman. Lakini bitoto bya mainzi binapenda maji, hata iwe ya mvua. Tutoshe udongo ya juu, tuweke muchanga mukavu, tuache kumwanga. Yote haitaisha samedi. Itapunguka tu."

Maman Georgette aliwatazama funza wale. Aliona haya, na haya ilimjia na hasira. Chupa ilikuwa wazi bado, na maji ya baraka hayamwagwi ovyo.

"Leta mikono."

Emérence akaikinga. Maji yalikuwa ya baridi. Yalimtoa udongo kwenye vidole, yakachuruzika hadi chupa ikaisha.

"Na ile muchanga, tunaipata wapi?"

Maman Georgette alikuwa ameshapiga magoti kando ya chungu, anakunja mikono ya gauni lake la Misa. Emérence alibaki amesimama na viganja vilivyolowa, hajui kama anaruhusiwa kuvifuta.