Laini ya Mjomba Mwishehe

Yustina wa benki hakunitazama usoni alipokuwa akiniambia. Alishusha sauti kama daktari mwenye majibu mabaya.

"Dada Munira, jina lako si safi. Kuna mikopo mitatu ya mtandaoni hujalipa, imekaa muda mrefu. Mfumo umelikataa wenyewe ombi lako la mkopo. Mie hapa sina la kufanya."

Nikamwambia sijawahi kukopa hata vocha.

"Wengi husema hivyo," alijibu, si kwa ubaya. "Namba iliyokopea ni hii."

Niliitambua kabla hajafika katikati. Kwenye simu yangu nimeihifadhi kwa jina la Mjomba.

Mwaka ule serikali ilipotaka kila laini isajiliwe kwa alama za vidole, Mjomba Mwishehe, mdogo wake mama, alikuwa akifyatua matofali kule Charambe. Saruji ilikuwa imemla vidole vikabaki vitupu, havina hata mstari. Mashine ilimkataa, ikamkataa tena. Alisimama chini ya mwavuli wa wakala, mtu mzima, akiitazama mikono yake kana kwamba imemwibia kitu. Nilimhurumia. Nikaweka dole gumba langu, laini ikasajiliwa kwa jina langu. Baadaye aliacha matofali, akawa dalali wa viwanja, vidole vikapona, kitambulisho akapata. Laini hakuibadilisha, na mimi sikuwahi kuiwaza.

"Nikilipa leo?" nilimuuliza Yustina.

"Ukilipa, wakopeshaji wakupe barua kwamba wamemalizana na wewe. Barua zote tatu. Nikizipata kabla benki haijafungwa Ijumaa, nampelekea meneja ombi upya."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Jumatatu ndiyo Maryambai angeuza duka.

Maryambai aliniajiri kwenye duka lake la dawa Tandika nilipotoka chuo cha famasia, wakati huo siwezi kumuuliza mteja anaumwa nini bila kutazama chini. Alinivumilia. Sasa alikuwa amechoka, anahamia Upanga kwa mwanawe Taqi, na mtu mmoja anayeitwa Ismail alikuwa na pesa taslimu mkononi. "Lakini wewe kwanza," Maryambai aliniambia. "Mpaka Jumatatu, binti. Isipite." Akiba yangu ilikuwa sehemu tu ya bei, na benki ilitaka kuiona ikiwa kamili kabla ya kunipa iliyobaki. Nisingeweza kuigusa.

Nilikwenda kwa Mjomba jioni ileile. Uwanjani kwake palikuwa na viti vya plastiki na watu wa kamati, maana mwanawe Suleiman alikuwa anaoa mwisho wa mwezi, na Mjomba mwenyewe ndiye mweka hazina.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, msomi. Umekuja kutoa mchango au kula mchango?"

Watu wakacheka. Nikamwomba tusogee pembeni, nyuma ya banda la kuku.

"Mjomba, umekopa kwa jina langu."

"Nimekopa kwa simu yangu."

"Laini ni yangu."

"Uliyonipa. Kitu cha kupewa tangu lini kikadaiwa?" Alitabasamu. "Hao wakopeshaji kausha damu, Munira, hawalipwagi na mtu. Mtaa mzima huu unadaiwa, na watu wanakula na kulala."

"Benki wamenikataa kwa ajili yako. Nalikosa duka."

"Wamekukamata? Wamekupiga? Si jina tu hilo. Jina linauma wapi? Harusi ikipita tutakaa, tutaongea."

Akanigonga bega mara mbili kama anayemtuliza mbuzi, akarudi kwenye kiti chake. Nilibaki na kuku. Nilitamani kupiga kelele, lakini koo langu halijazoea. Hasira ilizunguka ikakosa mlango, nikaondoka nayo.

Nyumbani nilimkuta mama anapima sare yake ya harusi mbele ya kioo, kitambaa cha zambarau chenye lesi. Nikamweleza yote. Alinisikiliza akiwa na pini mdomoni, kisha akazitoa moja moja.

"Mjomba ni mama, Munira."

"Basi mama huyo ameniibia."

"Usiseme hivyo. Unataka nikamvue nguo ndugu yangu wakati anamwozesha mwanawe? Subiri harusi ipite."

"Duka halisubiri harusi."

"Maduka yapo mwanangu. Ndugu wako wapi wengine?"

Alhamisi yote nikaipoteza kumngojea mama. Alikuwa ameniambia, baada ya kuniona sili, kwamba atamwendea Mjomba mwenyewe na kuzungumza naye kwa upole. Jioni alirudi na chupa ya juisi ya ukwaju aliyopewa na wifi yake. Kumbe walizungumza juu ya maturubai ya harusi.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kwenye duka la huduma la kampuni ya simu, Mbagala.

"Laini imepotea?" msichana wa kaunta aliniuliza.

"Haijapotea. Najua ilipo."

Alinitazama kidogo, akanisogezea mashine. Nikaweka dole gumba. Laini mpya ikawashwa kwenye simu yangu, na kule Charambe simu ya Mjomba ikafa. Nikaweka namba mpya ya siri. Hapohapo ujumbe ukaanza kuingia, mmoja juu ya mwingine: umepokea kutoka kwa fulani, umepokea kutoka kwa fulani. Michango ya harusi. Watu wote hao walikuwa wakituma pesa kwa Mjomba wakisoma jina langu kwenye simu zao, wakibonyeza kukubali.

Nilitazama salio. Nikiliongeza kwenye akiba yangu, duka lilikuwa langu kabla ya mchana. Nilikaa kwenye benchi na simu mapajani na nikalifikiria jambo hilo kwa muda, siwezi kukana. Nilijiambia: si jina tu? Pesa ziko kwenye jina langu, jina linauma wapi?

Mwishowe nililipa ile mikopo mitatu kwa pesa hizo. Riba, faini, vyote. Senti nyingine sikugusa.

Wakopeshaji wawili walinitumia barua kabla ya swala ya Ijumaa. Wa tatu nilimpigia mara nyingi mpaka kijana aliyepokea akanizoea sauti. "Malipo tumeyaona, sista, lakini barua inatoka baada ya siku tatu za kazi. Ndiyo utaratibu."

"Kukopesha kunachukua dakika ngapi?"

"Hiyo ni ishu ya mfumo, sista."

Yustina alinisubiri mpaka mlinzi akafunga geti. Alinipigia kuniambia hivyo, kwa huruma, na huruma yake ikazidi kunikera.

Jumapili ilikuwa kikao cha kamati. Nilitoa pesa zote zilizobaki, nikazifunga kwenye bahasha, nikaenda. Mjomba alikuwa amewaambia watu kwamba simu yake ina tatizo la mtandao. Aliponiona akasimama nusu, akakaa.

Nilikuwa sijawahi kusema mbele ya watu. Nilimkabidhi bahasha Mzee Revelian, mwenyekiti, na nikazungumza nikimtazama yeye peke yake, maana ningetazama kwingine ningenyamaza.

"Hii ni michango yenu. Imepungua. Nimelipa madeni ambayo Mjomba alikopa kwa jina langu. Risiti zimo. Laini hiyo ni ya kwangu na nimeichukua. Msitume tena pesa pale."

Watu wakamgeukia Mjomba. Kisha Mama Apolonia, jirani, akasema, "Kwa hiyo mie nimemlipia Mwishehe mkopo? Mie nilichangia hela ya mbuzi."

"Mbuzi wako kaliwa, mama," sauti ikatoka nyuma.

"Kaliwa na nani? Sijaona hata mfupa."

Watu wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomwinua Mjomba.

"Umenivua nguo, Munira. Mtoto wa dada yangu, niliyembeba mgongoni."

"Jumatano nilikuja kwako, tukaongea sisi wawili tu. Ukanigonga bega."

"Ningelipa."

"Lini?"

Akarudi kwenye kiti chake. Mzee Revelian alizisoma risiti zote taratibu, akavua miwani. "Pengo ni lako, Mwishehe. Jaza kabla ya harusi. Ukishindwa, tunaondoa ukumbi, watu watakula uwanjani hapa. Na hazina tunampa Mama Apolonia."

"Nitaitunza," Mama Apolonia akasema. "Nina laini yangu na vidole vyangu."

Mama alikuwa ameketi upande wa wanawake. Aliangalia mkeka kikao kizima. Tulipokuwa tukirudi aliniambia nimwombe Mjomba radhi, hata kwa simu tu. Nikamwambia sitamwomba. Akasema sikuwahi kuwa hivi. Nikamjibu kwamba ndiyo maana walinifanyia hivi.

Jumatatu nilifika dukani mapema. Maryambai alikuwa kwenye kiti chake, Taqi amesimama pembeni na funguo. Nikawaonyesha barua mbili na risiti ya tatu.

Maryambai alizishika kwa heshima. "Mie nakujua, binti. Ingekuwa mie peke yangu, ningesubiri mwaka. Lakini nyumba ya Upanga inalipiwa leo, kwa pesa za Ismail. Tulisema mpaka leo."

"Najua. Ulinipa muda."

Nilikuwa na maneno mengi, na hakuna hata moja lililomhusu yeye. Nikavaa koti langu jeupe.

Ismail alikuja saa nne. Mtu mwenye haraka, alipita akigusa makabati, akafungua friji, akafunga. Akaniuliza kama nitabaki, maana yeye dawa hazijui, anajua biashara tu, na bila mwenye cheti duka halifunguliwi. Nikamtajia mshahara. Akaguna, akataja wake. Nikarudia wangu.

"Haya, sista," akasema. "Utakaa sana?"

"Mpaka benki wanikubalie. Kisha nitafungua langu, pale ng'ambo ya barabara."

Alicheka, akamtazama Taqi ili wacheke pamoja. Mimi sikucheka. Nilimtazama usoni mpaka akaacha, kisha nikamwita mteja wa kwanza na kumuuliza anaumwa nini.