Bingwa wa Kombe la Mto Lulu

"Farasi akinisikia nakohoa tu, anajipanga mwenyewe," alisema Stéphane, ameegemea robota la jinzi kama mtu anayesubiri kupigwa picha. "Kule Lubumbashi, kwenye klabu ya Wazungu, hakuna mbio nilizopanda nikashindwa. Uliza mtu yeyote."

Watu wa "uliza mtu yeyote" huwa wamehakikisha kwanza kwamba wa kuulizwa hayupo. Stéphane alimgusa farasi mara moja tu maishani mwake, kupitia tundu la uzio wa hiyo klabu, na farasi akampigia chafya usoni. Lakini Lubumbashi iko mbali na Xintang, huko China, na mle kiwandani waliokuwa wakimsikiliza ni Marlène, pamoja na laoban mwenye kiwanda, ambaye Kiswahili chake chote kilikuwa "rafiki" na "nzuri sana".

"Nzuri sana," alisema laoban.

Marlène alikuwa mjane wa Kolwezi, mwanamke wa makontena, akitaja bei harudii. Stéphane alikuwa akimmezea mate tangu Krismasi.

"Miye sitaki farasi," alisema Marlène. "Nataka kujua kama jinzi hizi zinachuja. Laoban anaapa hazichuji. Mwaka jana aliapa zipu haziharibiki, na unajua nilivyotukanwa Kolwezi." Akamtupia sampuli nne, ngumu kama mbao. "Kesho nashinda bandarini Nansha kwa watu wa meli. Weye ufue. Maji ya moto, sabuni, sugua kabisa. Zikitoa rangi, nakataa mzigo wote. Kama hazitoi, Jumatatu wapakie."

"Ma chère, mwanaume wa hadhi yangu na karai..."

"Yaya wangu Théodore anafika kesho. Jumapili tunakula pamoja baada ya ibada. Fanya kazi hii moja tu bila kuitia hadithi, nitakukalisha karibu naye."

Stéphane akaliacha robota, akasimama wima. Kwenye ukoo wa Marlène, mwanaume hakalishwi karibu na kaka mkubwa kwa sababu viti vingine vimejaa. Hapo ndipo posa inapoanzia. Akazipakata zile jinzi kama mtoto wa kubatizwa.

Angefua. Nataka kuamini kwamba angefua. Ila jioni ileile alipigiwa simu na Kariuki, Mkenya aliyeishi kwa kukodisha wageni. Ndiyo, wageni walikuwa wakikodishwa. Mwaka huo wa 2006 majumba yalikuwa yakiota Guangzhou kama uyoga, na kila tajiri aliyezindua mtaa wake alitaka sura za kigeni mbele ya kamera, ili nyumba zionekane za kimataifa. Leo Kariuki anaombwa daktari wa kigeni, kesho mchora ramani wa kigeni. Safari hii wametaka wapanda farasi.

"Buda, wewe si ndiye yule jokii?" Kariuki aliuliza.

"Bila shaka," alijibu Stéphane, kabla kichwa hakijaulizwa.

Sasa, Kombe la Mto Lulu, mbio za farasi za Guangzhou, halikuwa jambo la mzaha zamani. Miaka ya tisini watu walijaza majukwaa mpaka ngazini, na mpanda farasi akiingia mgahawani alipewa meza ya dirishani, bili isije. Kisha mbio zikafungwa. Farasi wakauzwa, uwanja ukawa maduka ya magari na migahawa ya samaki, na mabingwa wakatawanyika wanakojua wenyewe. Na sasa tajiri mmoja wa Zengcheng alikuwa amelifufua Kombe kwa namna ambayo lingeshukuru kuachwa kaburini: mzunguko mmoja wa bwawa la kuchimbwa, wapanda farasi wa kukodi, na mshereheshaji wa kupiga kelele kati ya matangazo ya nyumba.

Asubuhi ya Jumamosi Stéphane alijaribu suruali nyeupe aliyoletewa. Ilimpwaya. Miguu yake ilikuwa myembamba, na pia alikuwa amesikia kwamba tandiko linachubua. Akafikiria kama mfanyabiashara. Uwanja wa ndege, begi likizidi uzito, si unavaa mzigo mwilini? Yeye mwenyewe alishapanda ndege ya kwenda nyumbani na jinzi tatu miguuni na makoti mawili mgongoni, akitembea kama kabati. Basi akavaa sampuli zote nne, moja juu ya nyingine, kisha ile nyeupe juu. Na tena akajisifu kwa akili: jasho nalo ni maji, kusuguana kwa tandiko nako ni kusugua. Jioni zingekuwa zimeshafuliwa.

Kufika kule akakuta wenzake: Mrusi mcheza dansi, Mpakistani muuza mazulia, na kijana mmoja wa Kanada aliyekuwa na hofu hata na mbwa. Kwenye jukwaa la heshima aliketishwa "binti mfalme kutoka Afrika", amefunikwa na kofia pana, miwani ya jua na upepeo wa manyoya. Stéphane alimwinamia kwa madaha.

Kila farasi alikuwa na mshika kamba. Wa Stéphane alikuwa mzee mfupi, miguu imepinda, kofia ya jokii ya hariri iliyochakaa kichwani.

"Huyo ni Lao Peng," Kariuki alimnong'oneza. "Alilichukua hili Kombe kitambo, likiwa Kombe kweli. Siku hizi anawapandisha watoto farasi wapigwe picha."

"Ndio mwisho wa watu wa zizini," alisema Stéphane, akavua viatu vyake vya ngozi ya mamba ili avae buti za kukodi, akamkabidhi bingwa avishike.

Kupanda ndiko kulikokuwa kitendawili. Jinzi nne hazikunji goti. Alinyanyua mguu, mguu ukagoma. Akanyanyua mwingine, nao ukaiga. Mwishowe vibarua walimwinua mzimamzima, kama robota linaloingia kwenye lori, wakamweka juu ya farasi mweupe pe, naye akakaa miguu imechomoza pande zote mbili kama mikono ya toroli. Lao Peng alimtazama kwa muda. Alivitazama pia vile viatu vya mamba mikononi mwake, akavitundika kwenye kona ya uzio, juu ya ndoo ya kinyesi.

Baragumu likalia, na ili kuongeza heshima, wenyewe wakafungulia chemchemi. Maji yakaruka juu, upepo ukayageuza, yakamshukia Stéphane yote. Aliloa mpaka ndani ya buti. Farasi wa Mrusi alikwenda. Wa Mpakistani alikwenda. Wake alisimama akala maua ya mapambo, mpaka Lao Peng alipovuta kamba, ndipo wakaanza kutembea, bwana na mzigo wake, polepole, wakati mshereheshaji akitangaza vyumba vitatu na sebule.

Karibu na mwisho wazee wawili nyuma ya umati walisimama wakapaza sauti, wakilia machozi kabisa. Stéphane akajua ni yeye. Akawapungia. Walikuwa wakiita "Lao Peng! Lao Peng!" na mzee, bila kuachia kamba, alivua kofia yake na kunyoosha mgongo. Kwa hatua chache hivi, zile mbio zilikuwa na mpanda farasi mmoja, naye alikuwa anatembea kwa miguu.

Stéphane alishushwa kama alivyopandishwa. Hakugeuka nyuma kumtazama farasi. Angegeuka, angeiokoa Jumapili yake.

Jumapili, kwenye mgahawa wa Wakongo, Théodore aliketi kichwani mwa meza: mtu mzito, suti ya kijivu, sauti ya kanisani. Kwenye kiti cha kulia kwake alikuwa ameketi Stéphane, viatu vya mamba vimeng'aa, akimega ugali kwa adabu.

"Marlène ananiambia weye ni mpanda farasi," alisema Théodore.

"Jana tu, yaya, nimechukua Kombe la Mto Lulu. Umati ulilia. Nilimwachia kamba mzee mmoja wa zizini, maskini, naye aone raha kidogo."

"Na jinzi?" aliuliza Marlène.

"Nimezifua mara tatu. Maji yalitoka meupe, ungeyanywa."

Kwa mara ya kwanza tangu Krismasi, Marlène alimtabasamia. Akachukua simu kumwambia laoban apakie. Théodore akamsogezea Stéphane bakuli la samaki, na mtu anayesogezewa bakuli na Théodore ameshakuwa nusu shemeji.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Felisia, Mhaya wa Bukoba, muuza simu za jumla wa kule mjini, mdomo hauna breki. Akasimama. Akamtazama Stéphane. Kisha akashika kiti asianguke kwa kicheko.

"Shemeji! Kumbe uko hapa! Jamani, jana nimekodiwa kuwa binti mfalme, nimekalishwa juu na kofia kama mwavuli, huyu akaniinamia!"

"Umenifananisha, dada," alisema Stéphane. "Sura za watu zinafanana."

"Mimi si Mchina, shemeji. Nakujua mpaka unavyokohoa." Akawageukia wengine. "Alibebwa na watu wanne! Amefika wa mwisho, anavutwa na kamba kama mbuzi wa sikukuu! Na farasi, Yesu wangu, farasi alikuwa mweupe kama shuka. Huyu aliposhushwa, mgongo wote bluu! Mbavu bluu! Yule mzee anamsugua na brashi, povu bluu, haitoki!"

Théodore aliacha kutafuna. Marlène alikuwa bado na simu sikioni, na ndani yake laoban alisikika akisema, "Nzuri sana, nzuri sana."

Akaikata.

"Bluu," alisema taratibu.

"Ma chère, pengine ni rangi ya tandiko..."

"Vua kiatu."

"Mbele ya yaya? Kwenye chakula?"

"Vua," alisema Théodore, akalirudisha bakuli la samaki upande wake.

Stéphane akainama chini ya meza, akajikohoza, wala hakuna kilichojipanga. Kiatu cha mamba kikatoka, soksi ikafuata, mguu umesuguliwa mpaka umechubuka, na Felisia, aliyekuwa ameshapiga magoti kuona vizuri, ndiye aliyewasomea wengine:

"Bluu. Kucha zote."