Maziwa ya Mama-Mukwe

Edmond alijenga laiterie yake, nyumba ya kukusanyia maziwa, pale Musienene kwa miaka mitatu, batu bakimucheka. Mwaka wa kwanza, simenti chini ya ngombe. Mwaka wa pili, maji ya bomba mupaka ndani ya zizi. Mwaka huu, mwishowe, tanki ya kubaridisha maziwa, yenye kutumika na plaki za jua, na majirani kumi na mbili bakaanza kuleta maziwa yao mule. Haraka haraka haina baraka, alikuwa anabaambia, mais wee, haraka ilikuwa inamukula roho!

Juu Anne-Marie, mama mwenye kutengeneza fromage kule Butembo na mwenye kununua maziwa yote ya tanki, alikuwa amesema wazi: maziwa ikiharibika tena mara moja tu, hatarudi, na hiyo tanki itabaki ya kunyweshea mbuzi. Hakukuwa munuzi mwingine. Donc Edmond alipima kila bidoni: maziwa kidogo ndani ya kikombe, alkoli kidogo, anatikisa. Ikishikana vipande-vipande, imeharibika: rudisha kwako. Alimurudisha hata pasta, na pasta akanuna juma nzima.

Bidoni moja tu hakuipimaka: ya Mama Syauswa, mama ya bibi yake, aliyekimbia vita ya Beni na ngombe moja. Utatikisa namna gani maziwa ya mama-mukwe mbele ya batu, kama vile unamushitaki bwizi? Mbele ya mukwe, macho inakuwa chini. Edmond alipokea bidoni kwa mikono mbili, akainamisha kichwa, akamwanga yote ndani ya tanki.

Kesho yake Anne-Marie alikuja, akafungua kifuniko, akanusa, akafunga. Hakugombana hata. Alipanda pikipiki yake na bidoni zake tupu, akashika barabara ya Butembo.

Edmond alibaki amesimama karibu na tanki. Uchungu ilimupanda mupaka kwenye macho. Miaka mitatu, Mungu wangu! Majirani bakauliza: maziwa mubaya ilikuwa ya nani?

"Yangu," akajibu. Nani angemutaja mukwe wake?

Mama Syauswa alikuwa anafika na bidoni yake. Akaiweka chini.

"Hapana, mwana wangu. Ni yangu. Jana ngombe ilivimba kiwele, ilikuwa mugonjwa. Maziwa ilikuwa na harufu, nilisikia mimi mwenyewe."

"Mama! Na ukaileta?"

"Nilileta juu nilijua utapima," akasema. "Si unapimaka ya kila mutu?"