Rangi ya Uso wa Swaumu

Dada yangu Swaumu alikuwa hapendi picha. Ukimwelekezea simu anajifunika kanga, anasema subiri nife, utapiga kaburi. Alipofariki kweli, pale Handeni, tukajikuta hatuna kitu chake isipokuwa mkanda mmoja: harusi ya mwanawe Muhsin, miezi miwili nyuma, anacheza mbele ya ngoma, kasahau kabisa kama kuna kamera.

Mkanda ule aliupiga Frank, kijana wa Bungu, milimani Usambara, mwenye studio Korogwe, karibu na stendi. Ulikuwa haujamaliziwa. Shadya, binti wa marehemu, yuko Maskati anafanya kazi za ndani. Harusi hakuiona, maziko hakuyaona, mama yake alikuwa hajamwona mwaka wa sita. Akampigia Frank, akamwambia nataka mama atoke na rangi yake, vile alivyokuwa, na nitakaa na wewe mpaka itoke.

Siku hizi inawezekana. Frank anakaa Korogwe mbele ya kioo kikubwa cha kompyuta yake, anaongeza rangi hii, anapunguza ile, na picha hiyohiyo inakwenda kwenye simu ya mteja huko aliko, wanaongea kama wako chumba kimoja. Mimi wakati huo nilikuwa Singida. Nasimulia nilivyosimuliwa na wote wawili, na hawakupishana.

Shadya alipomwona mama yake tu akasema ni wa njano, kama mgonjwa wa ini. Frank akapunguza unjano. Bado. Akapunguza tena. Kwenye kioo chake vumbi jekundu la Handeni lilishageuka majivu, na midomo ya marehemu imeingia bluu. Akasema, dada, kwangu huku naona tumepitiliza.

"Kaka Frank," Shadya akamjibu, "huyo mama alinizaa mimi. Wewe ulimwona siku moja."

Frank akarudi kwenye rangi. Huko kwao milimani, na kwetu hali kadhalika, mfiwa habishiwi. Akisema jua limechomoza magharibi unaitikia, unamtafutia kiti. Ni adabu nzuri msibani. Kwenye kazi ya rangi ikatuponza. Akapunguza mpaka Shadya akalia, akasema ndiye, ndiye huyuhuyu. Na kwa kuwa harusi ni nyingi na nafasi ya kuhifadhi ni ndogo, Frank ana desturi: mteja akisharidhika, picha za mwanzo anazifuta.

Nilifika Handeni siku ya arobaini. Baada ya hitma na pilau, Muhsin akawasha televisheni sebuleni. Shadya tulikuwa naye kwenye simu, tumeiegemeza kwenye jagi ili atuone tunavyofurahi. Swaumu akatokea anacheza. Mdogo wetu Maryamu, mmoja wa waliomwosha, akainuka akatoka nje, kwa sababu uso ule aliujua, ndio aliouosha.

Hakuna aliyesema. Nani aseme, na mfiwa anasikiliza? Ila alikuwepo Ponsiano, Mnyamwezi ambaye babu yake aliletwa kwenye mkonge, mtani wetu, na mtani msibani hana breki.

"Wazigua," akasema, "mmeona sabuni haitoshi, mkamtia na bluu ya kufulia?"

Watu wakacheka kidogo, kwa mazoea, wakakata. Kwenye simu Shadya akauliza, bluu gani?

Kesho yake akanituma Korogwe: mjomba, kaa na huyo kijana, uwe macho yangu. Frank akanipa shikamoo na kiti, usoni hakuniangalia. Akampigia Shadya. Safari hii, kabla ya yote, akamtumia picha nyeupe tupu, akamwomba aweke karatasi nyeupe kando ya simu, vinafanana? Shadya akasema havifanani, ya simu ni kama samli.

Kumbe simu ilikuwa na kile kitu cha kulinda macho, kinachokipaka kioo unjano.

"Niliwashiwa wiki ya msiba," Shadya akasema taratibu. "Macho yaliniuma kwa kulia. Emiliana ninayekaa naye akaniambia hii inapoza."

Akakizima. Ndipo akamwona mama yake kama tulivyomwona sisi. Hakupiga kelele. Alisema tu, rudisha ya mwanzo.

Frank akamweleza habari ya kufuta. Hakujitetea.

"Niliona, dada," akasema. "Nikaona haya kukubishia."

"Ungenibishia. Ungenitukana hata."

Tukashinda pale mchana kutwa. Rangi ikishatolewa sana hairudi yote. Wekundu wa kanga ulirudi, vumbi likarudi nusu, lakini uso kila akiuongezea wekundu unakuwa kama umepakwa poda. Akaniuliza, mzee, alikuwa mweusi kiasi gani? Nikasema maji ya kunde. Nikasema hapana, zaidi kidogo. Nikasema kama udongo wa Magoma mvua ikishakatika. Kila nikifumba macho nimpate, ananijia yule wa kwenye televisheni.

Jioni Shadya akauliza, "Mjomba, ndiye?"

Nikatazama. Mikono iko juu, anamchekea mtu ambaye kamera haikumpata.

"Anafanana naye, mwanangu," nikasema. "Anafanana naye sana."

Shadya akamwambia Frank asiguse tena, aitume hivyohivyo.